CHOMBO CHA KAZI NI CHA NANI?

Kila seremala ajua kwamba mpini wa randa yake ukivunjika, atakata mti na kuchonga mpini mwingine. Hamngojei mwenye duka aliyemwuzia. Lakini karani wa leo, ambaye randa yake ni programu ya kompyuta, hana haki hata hiyo ndogo. Amenunua ruhusa ya kukitumia chombo, hakununua chombo chenyewe. Na siku ile mwenye kiwanda akifunga milango yake, karani hubaki ameshika kitu asichoweza kukifungua wala kukitengeneza.

Jambo hili si rahisi kuonekana kwa mtu atumiaye mitambo ya makampuni makubwa, kwa maana makampuni hayo hayafi upesi. Huonekana vema mahali padogo, penye watu wachache na soko hafifu. Ndiyo sababu leo twataka kueleza habari za mfumo mmoja wa kuendeshea kompyuta ambao wasomaji wetu wengi hawajapata kuusikia. Jina lake ni Haiku, nao ni mrithi wa mfumo mwingine uliokufa, ulioitwa BeOS.

BeOS ulitungwa Marekani na kampuni ya Be, iliyoanzishwa na Mfaransa mmoja, Jean-Louis Gassée, baada ya kuiacha kampuni ya Apple katika mwaka wa 1990. Kusudi lake lilikuwa kutunga mfumo mpya kabisa, usiobeba mizigo ya zamani, uwezao kuendesha sauti na picha na kazi nyingine nyingi kwa wakati mmoja bila kusitasita. Hapo mwanzo waliunda hata mashine yao wenyewe, BeBox, yenye prosesa mbili, iliyotoka mwaka 1995. Lakini zilitengenezwa kiasi cha 1,800 tu. Katika mwaka 1996 Apple walitaka kuinunua Be. Bei haikupatana, na Apple wakaichukua NeXT ya Steve Jobs badala yake. Basi Be wakageukia kompyuta za kawaida zenye prosesa za Intel, na katika mwaka 1998 mfumo wao ukaanza kuuzwa kwa ajili ya mashine hizo.

Huko wakaukuta mlango umekomewa. Mashine zilikuwa zikitoka viwandani zimekwisha tiwa Windows ya Microsoft, na mikataba baina ya Microsoft na wenye viwanda haikuacha nafasi kwa mgeni. Hitachi ya Japani ilikubali kuuza kompyuta zenye mifumo yote miwili. Lakini BeOS ulikuwamo ndani yake kama mtu aliyefichwa uvunguni, kwa kuwa mnunuzi aliwasha mashine akaiona Windows peke yake, na hakuweza kuufikia mfumo wa pili mpaka afuate maelekezo ya kuufichua. Be waliishtaki Microsoft mwezi wa Februari, 2002. Mwaka uliofuata Microsoft ilikubali kulipa dola 23,250,000 bila kukiri kosa lolote. Wakati huo Be ilikuwa imekwisha kufa, na mali yake ilikwisha nunuliwa na kampuni ya Palm katika mwaka 2001 kwa dola milioni 11. Ndivyo ilivyo haki ya sokoni: humfikia mtu akiwa kaburini.

Sasa twaja kwenye kiini cha habari. Mfumo wa kompyuta pasipo programu ni kama shamba pasipo jembe, na mmoja wa wahunzi waliokuja kufua majembe kwa ajili ya BeOS alikuwa kampuni iitwayo Gobe. Watu wake walikuwa mafundi hodari, na baadhi yao ndio walioandika ClarisWorks, programu iliyosifiwa sana na watumiaji wa Apple. Waliandika Gobe Productive, ambayo ndani ya dirisha moja mtu aliweza kuandika barua, kupanga hesabu katika majedwali na kuchora picha. Ilikuwa kazi njema, nayo iliuzwa kwa fedha. Sisi hatuoni aibu kusema kwamba fedha hiyo ilikuwa halali. Fundi aliyeketi miaka akiandika programu astahili ujira wake kama mpasua mawe. Wako watu wa chanzo huria wasemao kwamba kila auzaye programu ni mnyonyaji. Maneno hayo ni ya watu ambao mishahara yao hutoka kwingine.

Lakini tazama mambo yalivyokwenda. Mwanzoni mwa mwaka 2000 Be walitangaza kwamba sasa nguvu zao zitaelekea kwenye vijombo vya kuingilia intaneti, na mfumo wa kompyuta za mezani ukaachwa nyuma. Wateja wa Gobe walikuwa ni watumiaji wa mfumo huo huo. Gobe wakafanya lile ambalo kampuni yoyote ingelifanya: walihama, na katika mwaka 2001 chapa ya tatu ya Productive ikatoka kwa ajili ya Windows. Mwaka 2002 kulitolewa ahadi kwamba msimbo wa programu hiyo, yaani maandishi yake ya asili yaliyoandikwa na mafundi, ungewekwa wazi mbele ya watu wote. Haukuwekwa. Wale walionunua programu kwa fedha zao hawakuibiwa kitu, kwa sheria. Walibaki na diski zao. Ila hapana mtu aliyeweza tena kuirekebisha hata herufi moja.

Be walikuwa wametenda jambo moja jema kabla ya kufa, nasi hatutalipita kimya. Katika mwaka 2000 waliutoa wazi msimbo wa sehemu mbili za mfumo wao: Tracker, ambayo ndiyo ya kufungulia na kupanga mafaili, na Deskbar, ambayo ni ubao wa kuchagulia programu. Sehemu hizo mbili, kati ya jengo zima, ndizo zilizotoka motoni salama. Palm waliponunua mali ya Be mwaka 2001, kikundi cha watu wa kujitolea waliazimia kuujenga mfumo huo upya, tangu msingi, kwa kuwa msimbo mwingine wote ulikuwa chini ya kufuli. Kazi hiyo waliiita OpenBeOS, na tangu mwaka 2004 yaitwa Haiku. Jina hilo limetoka katika mashairi mafupi ya Kijapani, kwa sababu programu ya Be ya kusomea kurasa za intaneti ilikuwa na desturi ya kumtolea mtu shairi la namna hiyo kila iliposhindwa kazi. (Laiti ofisi zetu nazo zingetukataa kwa mashairi!) Lakini Tracker na Deskbar hazikuhitaji kuandikwa upya. Ziliingia zilivyo, nazo zingalimo mpaka leo.

Wako waliojaribu njia ya pili. Kampuni ya Kijerumani, yellowTab, iliuza mfumo ulioitwa Zeta, uliojengwa juu ya msimbo wa BeOS wenyewe, na ukafika hata kutangazwa katika televisheni ya biashara ya huko. Mwaka 2006 yellowTab ilishindwa kulipa madeni. Kampuni nyingine, magnussoft, iliendelea kuuza, kisha katika mwaka 2007 ikaacha. Na Access ya Japani, iliyokuwa imeirithi mali ya Be kupitia Palm, ikasema kwamba haina habari ya leseni yoyote iliyoruhusu msimbo ule kutumiwa. Watu walikuwa wamekwisha lipa. Esau aliuza urithi wake kwa sahani ya dengu, walakini urithi ulikuwa wake kweli. Hawa hawakujua hata kama muuzaji alikuwa na haki ya kuuza.

Hapo mwanachama mwenye akili atatuuliza: je, hao wa kujitolea wamekula nini miaka yote hii? Swali hilo ni la haki, na wapenzi wa chanzo huria hulikimbia. Kazi ya Haiku ilianza 2001. Chapa ya kwanza ya majaribio ilitoka mwezi wa Septemba, 2009, na ile ya daraja la pili la majaribio, yaani beta ya kwanza, ikangoja mpaka Septemba, 2018. Hayo ni matunda ya watu wanaofanya kazi usiku, baada ya kutoka katika ajira nyingine na watoto wamekwisha lala. Kiwanda chenye mishahara kingalifanya upesi zaidi. Tena leseni yao, iitwayo MIT, yamruhusu hata bepari kuichukua kazi hiyo yote na kuiuza, asirudishe kitu ila kulitaja jina la mwenye kazi. Sisi kwa maoni yetu twaona leseni hiyo ina ukarimu kupita kiasi. Ushirika ulio na kanuni huwataka wote wavunao warudishe sehemu ya mbegu ghalani. Hata hivyo, shirika lao lisilo la faida, Haiku, Inc., hukusanya michango, na tangu mwaka 2021 limeweza kumlipa fundi mmoja afanye kazi hiyo kwa muda wake wote. Huo ni mwanzo wa ujira, ingawa ni mdogo.

Nasi tusidhani habari hizi ziko mbali nasi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili. Hawakwenda kumpigia magoti mwenye kampuni ng'ambo, kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi. Nayo OpenOffice yenyewe ilitokana na programu ya kuuzwa ya Kijerumani, ambayo wenyewe waliifungua katika mwaka 2000. Mzao wake, LibreOffice, ulifikishwa kwenye Haiku mwaka 2018, ukaja kuketi katika kiti kilichoachwa wazi na Gobe.

Kuhusu Gobe, liko jambo moja zaidi. Mafundi wa Haiku walitaabika kuhakikisha kwamba katika kompyuta za biti 32 programu za zamani za BeOS zaweza kuendeshwa bila kubadilishwa, hata Productive yaweza kufunguliwa humo. Lakini kompyuta za sasa ni za biti 64, na katika Haiku ya namna hiyo programu za kale haziendi; sharti ziundwe tena kutoka katika msimbo wake. Kiandikio kiitwacho Pe, ambacho zamani kiliuzwa kwa fedha kama Productive na baadaye mwenyewe akakifungua, kiliundwa upya kikavuka. Beta ya tano ya Haiku ilipotoka mwezi wa Septemba, 2024, Pe kilikuwamo. Productive ilikuwa ingali ng'ambo ya pili.