Je, Wajua? Volti 12 Kamili ni Betri Iliyokaribia Kwisha

Je, wajua kwamba betri ya gari inayosoma volti 12.0 kwenye mita, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, haijafika hata nusu? Betri ya risasi na asidi iliyoshiba husoma takriban 12.7. Ikiwa 12.2 imebaki nusu, na 12.0 ni kama robo. Waliokulia vijijini, ambako betri ilifungwa nyuma ya baiskeli ikapelekwa mjini kuchajiwa ili watu waone mpira, hawakuhitaji mita: picha ya televisheni ilianza kusinyaa kutoka pembeni, na kila mtu akajua kipindi cha pili hakionekani.

Leo hesabu hiyo inawakosesha usingizi watu wanaoishi ndani ya magari aina ya Hiace na ndugu zake. Kila majira ya baridi maelfu yao huteremkia Quartzsite, mji mdogo wa jangwani huko Arizona, Marekani. Kwa kibali cha msimu mtu anaweza kupiga kambi katika eneo la La Posa kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Aprili. Pa kuegesha papo tele. Pa kuchomeka waya hapana.

Je, wajua kwamba inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, hula umeme hata kama hakuna kilichochomekwa? Ile kubwa kubwa inaweza kumeza wati 10 kwa kuachwa tu imewashwa, taa yake ya kijani ikimeremeta usiku kucha. Wati 10 kwa saa 24 ni wati-saa 240. Betri ya simu ya kawaida ina kama wati-saa 15. Basi umeme uliopotea bure ungejaza simu zaidi ya kumi.

Na hiyo ni kabla hujachaji chochote. Ukichaji simu kupitia inveta, umeme unapandishwa kutoka volti 12 hadi 120, kisha chaja inaushusha tena hadi 5, na kila hatua inakata ushuru wake. Ni sawa na kupanda ghorofa ya kumi ili utokee uani. Njia fupi ni lile tundu la kuwashia sigara: chaja ya USB inayochomekwa pale inashusha mara moja tu. Kompyuta mpakato nyingi za sasa nazo huchajiwa kwenye tundu hilo hilo kwa USB-C, ila watu wengi bado wanang'ang'ania inveta kwa mazoea.

Birika la umeme ndilo hasa adui. Kuchemsha lita moja ya maji kunataka karibu wati-saa 100. Tena birika la wati 1,500 huvuta ampea 12.5 kwenye ukuta wa nyumba ya Marekani, lakini kutoka betri ya volti 12 ni ampea 125, na waya wake lazima uwe mnene kama wa kuamshia gari lililozima. Wazoefu wa jangwani huchemshia chai kwenye gesi, na hawaoni haya.

Betri ya risasi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, miaka 27 kabla Karl Benz hajasajili gari lake. Hii iliyo chini ya boneti siku hizi imeundwa kwa ajili ya stata: itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, alteneta iirudishie. Ukiikamua kila usiku, haikai. Ndiyo maana gari la kuishi hufungwa betri ya pili.

Paneli za sola je? Wati zilizoandikwa nyuma yake zilipimwa paneli ikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi. Juu ya bati la gari inaweza kufika 65, na kila nyuzi inayozidi inakata kama asilimia 0.4. Kwa hiyo mafundi huacha upenyo hewa ipite chini. Halafu kuna pembe. Dar es Salaam jua la adhuhuri haliteremki chini ya nyuzi 59 mwaka mzima, hivyo paneli iliyolazwa bapa inatosha. Quartzsite mwezi Desemba jua la adhuhuri husimama kwenye nyuzi 33 hivi, na paneli iliyolala hupata nusu tu ya mwanga ambao ingepata ikiinuliwa kulitazama. Utawaona wenye magari asubuhi wamepanda ngazi, wanainua paneli kuelekea kusini.

Wenye uwezo wamehamia betri za lithiamu na chuma, zilizotokana na kazi ya maabara ya John Goodenough huko Texas miaka ya 1990. Mwenyewe alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2019 akiwa na miaka 97. Betri hizi ni nyepesi, na unaweza kuzitumia karibu zote bila kuziumiza. Lakini hazitaki kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri: lithiamu hugandia ndani kama metali na kuiharibu seli. Na jangwa, usiku wa Januari, linaweza kuganda. Basi betri hailazwi nje. Inalala chini ya kitanda cha mwenye gari, ndani ya joto lake.