KOMPYUTA YA MZEE NYUMBANI

Ndugu Wanachama,

Mwenzetu mmoja ameuliza namna ya kumwekea mama yake, anayekaa Ipogolo, Iringa, kompyuta ya kuonana na wajukuu. Jawabu lake latufaa sote wenye wazee walio mbali.

Kwanza, ukinunua iliyokwisha tumika, tazama programu yake. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba, 2025. Mashine isiyoweza kupokea Windows 11 yaweza kutiwa Linux, nayo ni ya bure.

Pili, punguza. Kwenye kioo ziachwe alama tatu tu: simu ya video, picha, na khabari. Herufi zikuzwe.

Tatu, mfungulie mzee akaunti ya kawaida. Ile ya msimamizi ibaki kwako na neno lake la siri, ili programu ngeni isiingie kwa kubonyeza tu.

Nne, mkono wa mzee ndio ushike kipanya. Wewe kaa kando. Mwandikie hatua kwa herufi kubwa, uzibandike ukutani.

Mwisho, mwambie hivi: anayeuliza nambari ya siri ni mwizi, hata akijitia mtu wa benki. Fedha ya karafuu tuwapelekeayo wazee isipotee kwa neno moja.

Wassalaam,
Katibu