Mende wasipande gari pamoja na magunia yetu

Ndugu wakulima wa koperative,

Mahindi, makala na mboga zetu nyingi zinaishia ku soko ya Kenya, Lubumbashi. Kutoka pale zinaingia ku malewa. Mama wa malewa akiona mende anatoka ndani ya gunia letu, kesho atanunua kwa mwingine. Na ana haki: mende anapita ku choo, kiisha anapita ku sahani, na vidudu vya magonjwa ya tumbo vinasafiri ku miguu yake.

Mujue aina mbili. Mdogo, wa kahawia, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, anakaa jikoni. Jike anabeba kifuko cha mayai 30 mpaka 40. Mkubwa, mwekundu, anatoka ku mifereji. Yeye anagundisha kifuko chake ku mbao, ku katoni au ku gunia. Ndiyo njia anasafiri nayo. Kwa hiyo, mbele ya kujaza gunia, mulipindue, mulikung'ute na kulianika ku jua. Ku depo, magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Katoni za soko zisirudi mugini.

Jikoni, tuanze na maji. Mende mdogo anavumilia njaa karibu mwezi, lakini bila maji anakufa karibu kwa wiki 2. Usiku musiache vyombo vichafu, mukaushe beseni, mufunike bidoni na bukari iliyobaki.

Kiisha mutege. Muchanganye kijiko 1 cha asidi boriki ya famasi, kijiko 1 cha sukari na vijiko 3 vya bunga, na maji kidogo. Mufinyange vidonge vidogo, muviweke nyuma ya kabati na ku nyufa, mbali na chakula, watoto na kuku. Inaua polepole, siku kadhaa. Kisha wiki 3 mutege tena, sababu mayai yatakuwa yamepasuka.

Jambo moja tunakataza kabisa: dawa ya viwavi vya mahindi isiingie jikoni. Inabaki ku sahani na ku meza, na watu ndio wanaikula. Mende wenyewe wanakimbilia nyumba ya jirani.

Ku mukutano wenu ujao, muchague watu wawili wa kukagua depo kila mwezi, usiku, na tochi. Mchana mende anajificha.