Mzigo uliokwama kwenye lugha: Jinsi mashabiki walivyoivusha gemu ya Japani

UKITOA gari lililotumika kutoka Japani katika bandari ya Mombasa au Dar es Salaam, unajua kinachokusubiri baada ya ushuru na usajili. Redio haishiki stesheni zako nyingi, kwa sababu masafa ya FM ya Japani huanzia megahezi 76 na hayapandi juu kama yetu. Skrini ya ramani inakuonyesha maandishi usiyoweza kuyasoma. Gari ni zima, lakini aliyelitengeneza alimkusudia mnunuzi wa Japani pekee. Unamtafuta fundi akuongezee masafa ya redio, na ile skrini unaibonyeza kwa kubahatisha.

Wapenzi wa gemu za video wa Marekani na Ulaya wameishi na tatizo kama hilo kwa miaka mingi. Kampuni za Japani zilitengeneza gemu nyingi ambazo hazikuwahi kuuzwa nje ya nchi hiyo. Baadhi ya wapenzi hao walichoka kusubiri, wakawa mafundi wenyewe. Walizidukua gemu, wakatoa Kijapani na kuweka Kiingereza, bila kulipwa hata senti.

Kisa kinachotajwa mara nyingi zaidi ni cha gemu iitwayo Mother 3, na kina mengi ya kumfikirisha mtu yeyote anayeishi kwa kuvusha bidhaa mipakani.

Soko lililopuuzwa

Mother 3 ilitoka Japani Aprili 20, 2006, kwa ajili ya Game Boy Advance, mashine ya mkononi ya kampuni ya Nintendo. Mtunzi wake, Shigesato Itoi, alikuwa tayari maarufu nchini mwake kwa kuandika matangazo ya biashara. Gemu yake iliyotangulia, Mother 2, iliuzwa Marekani mwaka 1995 kwa jina la EarthBound, na mauzo yake yalikuwa duni. Walioinunua walikuwa wachache, lakini walishikamana. Walikusanya maelfu ya saini kuiomba Nintendo iwaletee gemu nyingine za mfululizo huo. Mother 3 ilipotoka, toleo la Kiingereza halikuja.

Kwa mfanyabiashara, hesabu ya kampuni inaeleweka. Kutafsiri ni gharama, kutengeneza kaseti ni gharama, kutangaza ni gharama. Isitoshe, Game Boy Advance ilikuwa inatoka sokoni. Mrithi wake, Nintendo DS, alikuwa madukani tangu mwaka 2004. Nani angeagiza mzigo mkubwa wa kaseti za mashine inayoondoka?

Jambo la kushangaza ni kwamba mzigo huo haukuwa na kizuizi kingine. Kaseti za Super Famicom, mashine ya Nintendo ya miaka ya 1990, zilikuwa na umbo lisiloingia kwenye mashine iliyouzwa Marekani. Game Boy Advance haikuwa hivyo. Mtu wa Chicago angeweza kuagiza kaseti kutoka Tokyo, akaichomeka, na ikawaka. Ila asingeelewa neno.

Novemba 2006 mashabiki walitangaza kwamba kazi hiyo wangeifanya wenyewe. Aliyeongoza tafsiri alikuwa Clyde Mandelin, Mmarekani ambaye kutafsiri Kijapani ndiyo kazi inayomlisha. Walikuwa watu wapatao 12, na kila mmoja alitumia saa zake za mapumziko. Hatari zilikuwa mbili. Nintendo ingeweza kutoa toleo lake wakati wowote na kuifanya kazi yao kuwa bure, au wanasheria wake wangeweza kuandika barua ya kuwasimamisha.

Kufungua mzigo

Msomaji anaweza kudhani kwamba kazi kubwa ni kujua Kijapani. Hiyo ni nusu tu. Ndani ya gemu hakuna ukurasa wa maneno wa kufuta na kuandika upya. Kila herufi imehifadhiwa kama namba, na fundi hana budi kwanza kugundua namba ipi ni herufi ipi, kisha kutengeneza jedwali la kuzisoma.

Likimalizika hilo linakuja suala la nafasi. Neno dawa kwa Kijapani linaweza kuandikwa kwa alama 1 tu. Kwa Kiingereza ni medicine, herufi 8. Kisanduku cha maneno kilichopimwa kwa Kijapani kinafurika.

Pia kuna suala la anwani. Gemu huipata kila sentensi kwa namba ya mahali ilipo, kama mpagazi anayetumwa kutoa gunia lililoko safu ya 40 ghalani. Ukirefusha sentensi moja, zilizo nyuma yake zote zinasogea, na mpagazi anatoka na gunia la mtu mwingine. Ndiyo maana anwani hupaswa kuandikwa upya, tena kwa maelfu.

Mwisho ni umbo la herufi. Alama za Kijapani huwa na upana mmoja, lakini katika Kiingereza herufi i ni nyembamba na m ni pana. Zikipewa nafasi sawa, maandishi yanakuwa na mapengo kama meno ya mtoto. Programu inayochora herufi inabidi iandikwe upya.

Kijiji kisichojua fedha

Kuna tatizo jingine ambalo fundi wa kompyuta hawezi kulitatua. Hadithi ya Mother 3 inaanzia Tazmily, kijiji ambacho watu wake hawajui fedha. Mwenye nacho humpa asiye nacho. Siku moja anafika mgeni mwenye maneno matamu, anayewahubiria wanakijiji kuhusu masanduku ya kuleta furaha. Mwanakijiji mmoja anapewa fedha kwa nguruwe wake. Anazificha kisimani, na zinapotoweka anamshuku mwenzake. Kuanzia hapo kijiji hakirudi kilivyokuwa.

Kwa Kijapani mgeni huyo anaitwa Yokuba, jina lenye mwangwi wa neno la Kijapani la kuwa na tamaa. Mjapani akilisikia tu, anajua huyu ni mtu wa aina gani. Likiachwa lilivyo kwa Kiingereza, halisemi kitu. Kikundi cha Mandelin kilimwita Fassad. Mwingereza anasikia ndani yake neno la sura ya nje inayoficha ya ndani. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunasikia zaidi ya hapo, maana jina hilo linafanana na neno la Kiarabu fasad, lililotupatia fisadi na ufisadi. Ni vigumu kumpatia mhusika huyo jina linalomfaa kuliko hilo.

Oktoba 17, 2008, baada ya takriban miaka miwili, tafsiri ilikamilika na kutolewa bure. Katika wiki ya kwanza ilipakuliwa zaidi ya mara 100,000.

Je, ni njia ya panya?

Swali la msomaji wa Busia au Namanga litakuwa moja: je, huku si kupitisha mali ya mtu njia za panya?

Kilichotolewa hakikuwa gemu. Kilikuwa faili dogo liitwalo kiraka, ambalo ni orodha ya mabadiliko tu: mahali fulani toa hiki, weka kile. Kiraka peke yake hakichezeki. Mtumiaji anatakiwa awe na gemu yake, kisha akibandike juu yake. Ni kama fundi anayekuuzia kifaa cha redio bila kukuuzia gari.

Hata hivyo, sheria haijawaachia mlango wazi. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Japani, Kenya na Tanzania ni wanachama wake, haki ya kuruhusu tafsiri ni ya mwenye kazi. Kutochukua fedha hakuiondoi haki hiyo. Pia ni wazi kwamba wengi waliopakua kiraka hawakununua kaseti, bali walinakili gemu yenyewe bure kwingineko. Na wapo wachuuzi waliochukua viraka vya namna hii, wakavichoma kwenye kaseti bandia na kuziuza. Hapo aliyefanya kazi hapati kitu, mwenye mali hapati kitu, anayepata ni wa katikati.

Kampuni nazo hazijawa na msimamo mmoja. Seiken Densetsu 3 ya kampuni ya Square ilitoka Japani mwaka 1995. Mashabiki waliitafsiri mwaka 2000, na tafsiri rasmi ya Kiingereza ilikuja mwaka 2019 kwa jina la Trials of Mana. Mashabiki waliitangulia kampuni kwa miaka 19.

Final Fantasy Type-0 ilikuwa na mwisho mwingine. Ilitoka Japani Oktoba 2011, mashabiki wakatoa kiraka cha Kiingereza Juni 2014, na katika siku hizo hizo Square Enix ikatangaza kwamba ingeiuza nje kwa mashine mpya. Mwezi uliofuata kampuni ilitaka kiraka kiondolewe, na kikaondolewa. Toleo rasmi liliingia madukani Machi 2015.

Oda isiyojibiwa

Mother 3 haijaangukia upande wowote kati ya hizo mbili. Nintendo haikukizuia kiraka, wala haikuileta gemu kwa Kiingereza. Mwaka 2013 Mandelin alijitolea kuipa kampuni tafsiri yake yote bure, iitumie au iihariri inavyotaka. Hakuna kilichotokea. Wakati huo huo, zana za kikundi chake zilitumiwa na mashabiki wa lugha nyingine, Waitaliano wakiwamo. Februari 2024 Nintendo iliirudisha Mother 3 sokoni kupitia huduma yake ya mtandaoni ya mashine ya Switch, lakini kwa wateja wa Japani tu.

Upakuaji 100,000 wa kitu cha bure si sawa na mauzo 100,000, na mfanyabiashara mwenye uzoefu hawezi kudanganyika na hilo. Wanaosifia bei sokoni ni wengi kuliko wanaofungua pochi. Lakini namba hiyo ilionyesha kwamba wateja wapo na wanachokitaka wanakijua.

Leo anayeitaka Mother 3 kwa njia iliyo karibu zaidi na uhalali anaagiza kaseti iliyotumika kutoka kwa wauzaji wa mitumba wa Japani, kisha anatafuta kiraka kilichotengenezwa miaka mingi iliyopita. Anamlipa muuzaji wa mitumba, anamlipa msafirishaji, analipa ushuru ukihitajika. Kiingereza anakipata bure. Katika safari yote hiyo, kampuni iliyotengeneza gemu haiingizi chochote.