Sandarusi: Ushahidi wa Msitu Uliotoweka

Wanafunzi wanaokwenda kupiga kambi katika misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe, huvutwa kwanza na mivule, ambayo huweza kupita urefu wa mita 30. Upepo wenye unyevu utokao Bahari ya Hindi ndio uliolea miti hiyo juu ya vilima, ingawa nchi ya chini ni kavu zaidi. Lakini mti wenye habari nyingi kuliko yote aghalabu hupitwa bila ya kutazamwa. Nao ni msandarusi.

Msandarusi ni wa jamii ya kunde. Kila jani lake lina vijani viwili, mfano wa kwato, na tunda lake lina vinundu vyenye utomvu. Gome likijeruhiwa, utomvu hutiririka na kuziba jeraha, ukiwazuia wadudu na kuvu. Mafuta mepesi yaliyomo huvukiza. Kisha molekuli zilizobaki huungana kidogo kidogo kuwa minyororo mirefu, na utomvu huwa mgumu. Vipande vinavyoanguka na kufukiwa mchangani huendelea kukomaa kwa mamia, pengine maelfu ya miaka. Hata hivyo sandarusi isichanganywe na kaharabu, ambayo umri wake huhesabiwa kwa mamilioni ya miaka.

Katika karne ya 19 Wazaramo waliichimba sandarusi hiyo mvua zilipolainisha ardhi. Kutoka Unguja ilipelekwa Bombay, Hamburg na Salem huko Marekani, ikatengenezwa vanishi ya magari ya farasi na samani. Ilipooshwa kwa magadi, ngozi yake ilionekana ina vipele kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa. Ile mbichi ya mtini, iliyoitwa chakazi, ilikuwa na bei ndogo. Richard Burton, aliyefika pwani hiyo mwaka 1857, aliandika kwamba Waingereza walilipotosha jina hilo likawa neno la kwao lenye maana ya punda dume!

Jambo la kuzingatia ni kwamba sandarusi bora ilichimbwa mahali pengi pasipokuwa na msandarusi hata mmoja. Maji ya mvua huweza kuhamisha vipande, kwa hiyo si kila shimo ni shahidi mwaminifu. Lakini utomvu ulioenea nchi nzima hauwezi kuelezwa kwa maji peke yake. Ni dhahiri kwamba misandarusi ilienea sehemu nyingi ambazo leo ni vichaka na mashamba.

Msitu huo haujaacha kurudi nyuma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa kati ya 1991 na 2005 ukataji wa miti ya mbao bora ulisogea mbali na Dar es Salaam kwa kadiri ya kilomita 9 kila mwaka, na nyuma yake wakafuata wachoma mkaa. Kata kama Msimbu, iliyo katika wilaya hiyo hiyo, zimo ndani ya njia ya wimbi hilo. Pugu na Kazimzumbwi sasa ni hifadhi ya mazingira asilia, na gome la mti humo lisichanjwe.

Kipande kilichookotwa shambani, kwa idhini ya mwenyewe, chatosha kwa maabara ya shule. Tone la spiriti likidondoshwa juu ya chakazi, uso wake hunata upesi. Juu ya sandarusi iliyokomaa, hunata kwa shida.