Wimbo wa Chumbani Unahitaji Sikio la Pili

Siku hizi wimbo mpya wa Kasulu au Kibondo, mkoani Kigoma, huanzia kwenye simu. Mwalimu wa shule ya msingi, muuza duka, mwanakwaya, kijana mwenye gitaa la kuazima: kila mmoja akipata wazo anabonyeza kitufe cha kurekodi, anaimba kwa sauti ya chini asije akaamsha watoto, kisha anawatumia rafiki zake wawili watatu. Majibu hayakawii. "Umetisha kaka." "Moto!" "Bonge la ngoma, nenda studio." Mtunzi anafurahi, na ana haki ya kufurahi, ila wimbo unabaki palepale. Hakuna aliyemwambia kwamba maneno ya ubeti wa pili hayasikiki, wala kwamba kiitikio kimechelewa mno kufika.

Hapo kuna kazi mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni kurekodi kwa namna itakayomsaidia msikilizaji. Ya pili ni kusikiliza kwa namna itakayomsaidia mtunzi. Kwa hiyo ya pili, naamini nyanda hizi za juu za Kigoma zina shule nzuri tangu zamani, nayo ni mazoezi ya kwaya.

Kasulu ni makao makuu ya Dayosisi ya Western Tanganyika ya Kanisa Anglikana, na katika wilaya zote mbili kuna kwaya za Wakatoliki, Wasabato na Wapentekoste. Ingia kwenye mazoezi yoyote utamkuta mwalimu amesimama mbele ya watu wenye vyeo tofauti maishani, wazee kwa vijana, akiwakatisha katikati ya mstari bila mtu kununa. "Sauti ya tatu, mmeshuka kabla ya wakati. Turudie kuanzia pale." Wanarudia. Hakusema wimbo ni mbaya, wala kwamba fulani hajui kuimba. Alitaja sauti, akataja mahali, akataja kilichotokea, kisha akawapa nafasi ya kujaribu tena.

Usahihi huo una historia. Wamisionari waliofundisha muziki Afrika Mashariki walikuja na nota za do-re-mi, mfumo ambao Mwingereza John Curwen aliueneza katika karne ya 19 ili watu wasiosoma muziki wa mistari mitano waweze kuimba pamoja. Kila sauti ina herufi yake, na alama ndogo kati ya herufi zinaonyesha mapigo. Mwenye karatasi hiyo mkononi anaweza kusema "pigo la tatu la mstari wa pili" na watu 40 wakajua anaongelea nini. Siku hizi walimu wengi hurekodi kila sauti peke yake kwenye simu, ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi, wakawatumia wanakwaya wajifunze nyumbani. Mtunzi anayejirekodi chumbani angefaidika sana kwa kuiga tabia hiyo ya kutaja mahali.

Sasa tuje kwenye kurekodi kwenyewe. Nyumba nyingi za huku ni za matofali ya kuchoma, na paa ni bati. Ukuta mtupu na sakafu ya saruji hurudisha sauti. Unachokisikia kwenye rekodi kama mwangwi wa pangoni ni sauti yako iliyogonga ukuta ikarudi ikiwa imechelewa kidogo. Dawa yake haihitaji fedha. Imba ukielekea godoro lililosimamishwa ukutani, au kwenye kona yenye nguo zilizotundikwa, na tandika blanketi chini. Vitu laini hunywa sauti. Bati nalo halina dawa mvua ikinyesha. Mvua za Kigoma huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Mei, kwa hiyo kwa zaidi ya nusu ya mwaka mtunzi wa huku hurekodi pale mvua inapomruhusu, hasa alfajiri.

Simu isiwe mdomoni. Shibiri moja hadi mbili inatosha, tena ikae pembeni kidogo mwa mdomo, kwa sababu herufi kama "p" na "b" hutoa pumzi inayogonga kinasa sauti na kuleta mlio wa puf. Kama unapiga gitaa, iweke simu karibu na mdomo kuliko gitaa. Gitaa lina nguvu ya kujitetea, maneno hayana. Ukiweza, zima ile sehemu ya simu inayopunguza kelele. Imetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, na mara nyingi huichukulia sauti ndefu ya kuimba, au mlio wa gitaa unaofifia, kama kelele ya kufutwa.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: namna ya kutuma huamua rafiki yako atasikia nini. Rekodi kamili isiyokazwa, yenye vipimo 44,100 kwa sekunde, huchukua zaidi kidogo ya megabaiti 5 kwa dakika, yaani wimbo wa dakika 3 ni kama megabaiti 16. Wimbo huohuo ukiutuma kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp hauzidi megabaiti 1, kwa sababu programu huitupa sehemu kubwa ya sauti za juu na kubakiza zile za kusikilizana tu. Simu za zamani zilizorekodi kwa vipimo 8,000 kwa sekunde zilikuwa na hali mbaya zaidi, kwani hazikuweza kubeba chochote kilicho juu ya mitetemo 4,000 kwa sekunde. Herufi "s" na "f" zina nguvu nyingi huko juu. Ndiyo maana mtu akitaja jina lake kwenye simu hulazimika kusema "S kama Sara, F kama Fatuma". Kwa hiyo rafiki akikwambia hasikii maneno, usikimbilie kulaumu utamkaji wako. Mtumie tena, safari hii kama faili la kawaida, na chini yake andika maneno ya wimbo wote. Atakuwa anaufuata wimbo kwa macho na masikio.

Zaidi ya hapo usihangaike na ubora. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mtambo wa kurekodi, alikutana na kijana Mwenda Jean Bosco huko Jadotville (leo Likasi), katika Katanga ya Kongo. Alimrekodi akiwa na gitaa moja na sauti yake mwenyewe, bila bendi. Wimbo wa "Masanga" uliotokana na kukutana huko ungali ukisomwa na wapiga gitaa duniani kote. Urithi huo wa gitaa la Kongo uko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu imehifadhi Wakongo tangu 1996, Nduta ya Kibondo imepokea Warundi kwa maelfu, na muziki umevuka uzio kwenda na kurudi. Redio Kwizera ya Ngara, iliyoanzishwa mwaka 1995 na Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi, imezifikishia sauti pande hizi zote. Kwa hiyo rekodi ya kuombea maoni nayo inatakiwa iwe nyepesi kama ile ya Bosco: sauti na chombo kimoja. Ukishaweka mdundo wa kununua, kinanda na mwangwi wa kompyuta, rafiki zako watajadili mdundo, na wimbo wenyewe hautaguswa.

Msikilizaji naye asikilize nini? Mimi huanza na kitu kimoja ambacho naona ndicho kinachoharibu nyimbo nyingi za Kiswahili za watunzi wanaoanza, tena kinachorekebishika kwa dakika chache: mkazo. Neno la Kiswahili hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema ka-SU-lu, ki-BO-ndo, ni-ta-RU-di. Chukua mstari wa kubuni, "Nitarudi Kasulu", na uuweke kwenye mdundo wa sita kwa nane, ule wa ngoma zetu nyingi, ambao pigo zito huja kila baada ya hatua tatu. Mtunzi anayeanza huanzisha mstari juu ya pigo zito lenyewe: NI-ta-ru, DI-ka-su, LU. Uzito umeangukia silabi tatu, na zote si zake. Msikilizaji anahisi wimbo unamchokoza masikio, hajui kwa nini, anaishia kusema "haujakaa sawa". Sasa anza silabi mbili kabla ya pigo: ni-ta, RU-di-ka, SU-lu. Hakuna neno lililobadilika wala nota iliyoongezwa, na mstari umekaa. Jaribu kwa kupiga meza, utasikia.

Rafiki anayeweza kukwambia "neno Kasulu limepigwa kwenye Lu" amekupa zawadi kubwa kuliko pongezi zote za siku ile.

Kwa wanaotunga kwa Kiha, lugha ya wenyeji wa hapa, kazi ni kubwa zaidi, kwa maana Kiha, kama Kirundi, ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno. Tuni ikipanda pale neno linaposhuka, msikilizaji mzaliwa wa Buha, nchi ya Waha, anabaki akitafuta neno gani limeimbwa. Hapa mwalimu bora ni mama au bibi. Muimbie mstari mmoja umwombe aurudie kama maneno ya kawaida, bila kuuimba. Akitofautiana sana na ulivyoimba, ifuate sauti yake. Kiha kikiimbwa vizuri hakifungiwi Buha peke yake: mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huu waliungana kwa jina la Kigoma All Stars wakatoa "Leka Dutigite", na jina hilo la Kiha likatamkwa nchi nzima.

Namna ya kusema ndipo tunapokwama. Malezi yetu hayamruhusu kijana kumwambia mkubwa wake kwamba kazi yake ina kasoro, na mkubwa naye akimkosoa mdogo huenda akamvunja moyo kwa neno moja. Wote wawili wanakimbilia "hongera". Lakini Waswahili hatukosi mfano wa kukosoana mbele za watu kwa heshima. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji, na washairi wa Kiswahili wamejibizana magazetini kwa miongo mingi, hili swali, hili jibu, huyu akimwonyesha mwenzake alipoteleza kwenye vina au mizani. Ukali ulikuwepo. Kilichoulinda ni kwamba hoja ilikaa kwenye shairi na kwenye kanuni ambazo wote walizikubali.

Kwenye simu inawezekana vilevile. Usiseme wimbo ni mzuri au mbaya. Sema kilichokutokea ukiwa unasikiliza, na ni wapi. "Shikamoo mwalimu. Kwenye dakika ya 1 na sekunde 20 nimepotea, sijajua kama anayezungumza bado ni yule mama au ni mwanawe." Kijana anaweza kumwandikia hivyo mtu wa rika la baba yake bila kuonekana amekosa adabu, kwa sababu anajieleza yeye. "Mdogo wangu, kiitikio nimekishika mara ya kwanza tu, nimekuwa nikikiimba jikoni. Ubeti wa tatu umerudia yaliyosemwa kwenye wa kwanza." Maneno haya mtunzi ana la kuyafanyia. Na asikilize mara mbili kabla ya kuandika. Mara ya kwanza masikio hufuata tuni, mara ya pili ndipo yanaposhika maneno.

Mtunzi naye ana wajibu. Atume na swali: "Naomba unisaidie kiitikio tu, kinachelewa?" Swali moja hupata jibu zuri kuliko "nipe maoni". Jibu likifika asijitetee. Akianza kueleza alichokusudia, rafiki atanyamaza, na safari ijayo atatuma alama ya moto basi. Maoni ya mtu mmoja yanaweza kuwa ni ladha yake. Watu watatu wasiojuana wakitaja mahali pamoja, hapo pana tatizo, hata kama dawa waliyopendekeza kila mmoja ni tofauti na si lazima uifuate.

Wengi huniambia hawatumi nyimbo zao kwa kuogopa kuibiwa. Hofu hiyo naielewa, ila sheria iko upande wao. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 inalinda wimbo tangu unapotungwa, bila sharti la kuusajili kwanza, na ulinzi unadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, husaidia kuthibitisha umiliki ukifika ugomvi, na ujumbe uliotumwa, wenye tarehe na saa yake, nao ni ushahidi wa kuanzia, kwa hiyo usiufute. Penye hatari zaidi ni pale rafiki anapochangia. Akikubadilishia neno moja, huo ni msaada. Akikutungia kiitikio kizima, ni mtunzi mwenzako, na mgao wake uandikeni siku hiyohiyo, kabla wimbo haujaingiza hata shilingi.

Kama una wimbo uliourekodi usiku ukauacha ndani ya simu, chagua leo mtu mmoja unayeamini masikio yake. Mtumie faili lenyewe, maneno yake yakiwa yameandikwa, na swali moja. Na wewe uliyetumiwa, tafadhali mjibu kwa kutaja mahali.