Vitu vya Kuishi na Upepo wa Chumvi

Kufuli la chuma linaloning'inia mlangoni Dodoma hupambana na vumbi. Likihamia Bagamoyo, kilomita zipatazo 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, hukutana na upepo wa bahari uliojaa chumvi. Chumvi huvuta unyevu, unyevu huleta kutu, na asubuhi moja ufunguo unaingia lakini haugeuki. Mwenye nyumba hana la kufanya ila kutafuta nyundo.

Ndiyo maana mnunuzi wa ukanda huu, kuanzia Bunju hadi Saadani, anahitaji kukagua zaidi ya bei. Sumaku ndogo humsaidia sana dukani: mwili wa kufuli la shaba hauvutwi na sumaku, ila wa chuma kilichopakwa rangi ya shaba hunasa papo hapo.

Kwenye mabati kuna mtego mwingine, nao umewaponza wengi. Namba ya geji huenda kinyume na unene: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 32 ni nyembamba kuliko zote mbili. Tena unene ni nusu ya habari. Kinachokinga chuma ni tabaka la zinki, au la mchanganyiko wa alumini na zinki, ambalo huliwa kwanza na chumvi ili chuma kisalie. Tabaka hilo hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Anayejenga karibu na ufuo aulize gramu hizo kabla ya kuuliza rangi, na asiezeke bati zuri kwa misumari ya ovyo, kwani kutu ya paa mara nyingi huanzia kwenye tundu la msumari.

Wazee waliojenga mji wa Bagamoyo walilijua tatizo la chuma. Mlango wa nakshi wa pwani, katika umbo lake la asili, hauhitaji bawaba. Kila ubao una ncha mbili za mti, juu na chini, zinazozunguka ndani ya matundu ya fremu. Hakuna chuma cha kuoza pale penye kazi kubwa kuliko zote, na milango ya namna hiyo imeishi zaidi ya karne moja.

Lakini somo kubwa zaidi liko ufukweni, maji yakitoka. Jahazi ni mti unaokaa ndani ya maji ya chumvi, mahali ambapo wadudu hutoboa mbao bila kupumzika, na bado chombo kilichoundwa vizuri hufanya kazi kwa miaka mingi. Siri yake haiko kwenye mbao peke yake, ingawa fundi huchagua mbao ngumu. Iko kwenye matengenezo. Chombo hulazwa mchangani, kikakwanguliwa, kikapitishiwa moto wa makuti kuua wadudu, kisha kikapakwa shahamu, mchanganyiko wa mafuta ya mnyama na chokaa. Palipoachana mbao na mbao hupigwa kalafati kwa pamba iliyoloweshwa mafuta. Foromali, mti unaoshikilia tanga, ikivunjika huchongwa nyingine. Tanga likichanika hushonwa. Ubao uliooza hung'olewa, ukaingia mpya, na safari inaendelea.

Kitu cha kudumu, basi, ni kile kinachofunguka na kutengenezeka. Kipimo hicho ni bora kuliko maneno yote ya muuzaji, na kinafaa kwa feni, pasi, baiskeli na cherehani. Je, kimefungwa kwa skrubu au kimegandishwa kwa gundi? Vipuri vyake vinapatikana Kariakoo? Fundi wa mtaani amewahi kukifungua? Cherehani ya chuma ya kukanyaga kwa mguu imerithiwa na wajukuu kwa sababu mkanda, sindano na kibobini chake hubadilishwa bila kuitupa mashine.

Upande wa pili wa mambo uko kwenye plastiki. Kandambili hukatika kamba upesi, lakini plastiki yake haiozi. Bahari huizungusha na kuirudisha ufukweni. Mwaka 2018 huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini jahazi la Flipflopi, lenye urefu wa mita 9, lililoundwa kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa maelfu ya kandambili. Mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja. Juni 1 mwaka huohuo Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na kikapu cha ukili, ambacho hakikuwa kimewahi kutoweka sokoni, kikapata wateja wapya. Kinahitaji kukaushwa kikilowa na kushonwa mkono unapolegea, basi.

Bagamoyo pia ni mji wa ngoma; Chuo cha Sanaa, ambacho sasa ni TaSUBa, kilianzishwa hapa mwaka 1981. Anayetaka kununua ngoma aangalie kwanza mzinga wake: umechongwa kwenye gogo lililokauka sawasawa, au tayari una nyufa? Ngozi isimtie hofu sana. Hiyo itachakaa kwa kupigwa, itavuliwa, na nyingine itawambwa juu ya mzinga uleule.